Dakika ya Bi Siwema

Katika nchi ile ramani haikuifuata ardhi. Ardhi ndiyo iliyoifuata ramani. Msicheke. Mkuu wa Ramani alipochora mto, watu waliamka miguu imelowa, na siku alipopiga chafya kalamu ikamponyoka akachora mlima mahali pa soko, wachuuzi walipanda na mabeseni yao wakauza nyanya kileleni mwaka mzima, mpaka alipopata wasaa wa kurekebisha. Kwa hiyo alipochukua kifutio akaufuta mji wa Tandavu, hakuna aliyeshangaa ila watu wa Tandavu wenyewe. Kwanza kibao cha barabarani kilibaki cheupe. Kisha barabara ikasahau ilikokuwa ikienda. Kisha maji yakaja, taratibu, kwa adabu zote, kama mgeni anayepiga hodi huku ameshaingia ndani, yakafunika nyumba, kisima, makaburi na mashine ya kusaga. Watu wakahamishiwa Uwanda Mweupe, ambako jua linawaka lakini mtu hatoi kivuli.

Huko majina yakaanza kuwadondoka. Mtu asiyetoka mahali popote jina lake halina pa kushika. Baba alimwita mwanawe akakuta mdomo mtupu, akaishia kusema, "Wewe, njoo." Mume na mke wakaitana "wewe" na "wewe". Na waliokufa huko hawakuzikika, kwa sababu fomu ya mazishi ilikuwa na mstari mmoja tu, *Kwao ni wapi?*, na mstari huo haukukubali wino.

Alikuwepo mwanamke mmoja aliyeweza kuthibitisha kwamba Tandavu ilikuwepo. Jina lake Kidawa Mahimbo, na kazi yake ilikuwa kuwapiga picha za filamu watu ambao hakuna aliyewahi kuwauliza kitu. Alifika Tandavu akiwa na miaka ishirini na sita, kwa wiki moja, aandae filamu fupi kuhusu kisima kilichokauka. Wiki ile ilichukua miaka thelathini. Kisima kilimpeleka kwa wachota maji, wachota maji wakampeleka kwa waume zao walioko migodini, migodi ikampeleka kwa wajane, na kila mlango aliobisha ulikuwa na mlango mwingine nyuma yake. Kila alipoweka kamera mbele ya mtu aliyekuwa akisitasita, alimwambia maneno yale yale: "Sema tu. Kamera haisahau." Watu walimwamini. Walimwambia mambo ambayo hawakuwaambia ndugu zao.

Sasa sikilizeni jinsi ahadi hiyo ilivyovunjika. Siku ya kifutio ilitoka amri ya mstari mmoja: *Kifutwe kila kilichoonekana Tandavu na kila kilichosemwa Tandavu.* Katika nchi ile amri haikuhitaji askari, ilijitekeleza yenyewe. Kidawa alifungua makasha yake ya filamu, akaziangalia moja baada ya nyingine, na macho yake yakashuhudia jambo ambalo hakuna jicho lililopaswa kulishuhudia. Nyumba ziliondoka kwanza, watu wakabaki wamekaa juu ya weupe. Kisha watu wakaanza kuondoka kuanzia miguuni. Nyuso zilikawia. Midomo ilikuwa ya mwisho, midomo mitupu inayoeleza habari ya ardhi na watoto na maji, na mwishoni nayo ikaondoka, sauti zikabaki zinaelea peke yake, neno hili likitoweka, kisha lile, mpaka likabaki "na". Kisha "na" nayo ikaenda zake.

Alikaa mbele ya weupe ule siku nyingi. Umri nao haukutulia: asubuhi alikuwa na miaka hamsini na sita, adhuhuri alijitazama mikono akakuta ni ya msichana. Akajiuliza. Uso wa mtu ni wa nani? Wa aliyezaliwa nao, au wa aliyeuona? Kama niliuona, na sasa siwezi kuuonyesha, niliuona kweli? Nimewachukua watu maneno yao, nikayatia kashani, nikafunga, nikawaambia yako salama. Sasa kasha tupu. Mwizi afadhali, mwizi hukuachia angalau habari ya kusimulia. Mimi nimechukua hata habari.

Alikuwa katika hali hiyo alipobisha hodi Simai. Huyu Simai ndiye aliyekuwa mnasa sauti wake kwa miaka yote thelathini, mzee mrefu, mkaidi, masikio yamemtoka kama mishikio ya sufuria. Alizaliwa ng'ambo ya pili ya mto na kabila lake lilikuwa na utani na watu wa Tandavu, utani wa kale, ule wa kuchukuliana kuku bila kuombana na kuzikana kwa vicheko. Mgongoni alibeba gunia.

"Kidawa, unakula?"

"Sili."

"Basi vizuri, maana mimi nina njaa na nimeona una muhogo." Alikaa, akautafuna ule muhogo hadi ukaisha, ndipo akasema, "Ile amri umeisoma?"

"Nimeisoma mpaka nimeichoka, kaka."

"Isome tena. Kifutwe kilichoonekana na kilichosemwa." Akalipiga gunia kofi, likalia kwa ndani mlio wa vitu vidogo vikavu vinavyogongana. Kaseti. "Dakika zangu, bibie, je, ziliwahi kuonekana? Ziliwahi kusemwa?"

Hapa inabidi nieleze hizo dakika, maana asiye wa kazi hiyo hawezi kuzijua. Kila mtu alipomaliza kusimulia mbele ya kamera, Simai aliinua mkono na kusema, "Dakika yangu." Hapo kila mmoja hubaki alipo, hanyanyuki, hakohoi, hasemi, na Simai hunasa chumba chenyewe kwa sekunde sitini. Kwa nini? Kwa sababu hakuna vyumba viwili vinavyonyamaza sawasawa. Chumba chenye mtungi hunyamaza kivyake, chenye mgonjwa kivyake, na cha mtu aliyetoka kulia sasa hivi kina unyamavu wake ambao huwezi kuuazima kwingine. Maneno ya mtu yakikatwa katika filamu, pale palipokatwa hutiwa kipande cha kimya cha chumba kile kile, ili sikio lisijikwae. Kidawa aliziita viraka. Hakuzipenda. Kila dakika moja ya Simai aliihesabu ni jua linalopotea, na mara nyingi alimnong'oneza, "Basi, inatosha," na Simai akamtolea macho na kumaliza sekunde zake zote.

Kuna kimoja hasa kati ya viraka hivyo ambacho Kidawa hakutaka kukikumbuka, na ndicho kilichomjia aliposikia gunia likilia.

Tandavu ilikuwa na mashine ya kusaga moja, ya dizeli, na mwenyewe aliitwa Machuma. Mkanda wa mashine ile ulikuwa mkuukuu, na mara ishirini kwa siku uliruka kutoka kwenye gurudumu lake. Mashine ililia *kwaaa*, ikazima, na mji mzima ukajua kwamba Machuma sasa yuko magotini, mikono ina grisi, anaurudisha. Na kila uliporuka, kila mtu wa Tandavu, popote alipo, alisema kwa sauti ya chini, "Pole, Machuma." Mwanamke jikoni alisema. Mwalimu alisema katikati ya hesabu za kugawanya. Bwana harusi mmoja alisema wakati anaulizwa kama amekubali, ikabidi aulizwe upya. Hakuna aliyefundishwa, na Machuma hakuweza kumsikia hata mmoja wao. Wageni walidhani ni mzaha. Haukuwa mzaha, hata aliyekuwa na ugomvi na Machuma alimpa pole yake.

Basi Bi Siwema, mjane, mfinyanzi wa vyungu, alisimulia mbele ya kamera siku walipoletewa habari kwamba mji utafutwa. Alisimulia vizuri mno, bila chozi, huku vidole vyake vikifinyanga hewa. Alipomaliza, Simai akainua mkono. Sekunde arobaini zikapita. *Kwaaa.* Na Bi Siwema akasema, "Pole, Machuma."

"Bi Siwema," Kidawa akasema, "si tulikubaliana tunyamaze?"

"Nimenyamaza, mwanangu."

"Umesema pole."

"Nimempa pole Machuma tu."

"Huko ndiko kusema, mama."

"Aa, huko si kusema," akasema Bi Siwema akistaajabu kwamba msomi huyu hajui. "Huko ni kupumua."

Wakarudia. Mkanda ukaruka. Pole, Machuma. Wakarudia tena, na tena. Siku ile mashine ilikuwa na jini. Mara ya tano jua lilikuwa limeshauacha mlango, na Kidawa akapandisha sauti kwa mwanamke aliyemzidi mama yake umri: "Mama, unaniharibia kazi!" Bi Siwema akamtazama. Alichukua pindo la khanga yake, akalikunja vizuri, akajiziba nalo mdomo, akakaa. Mara ya sita dakika ilitoka safi, haina neno hata moja. Kidawa alifurahi, akafunga vifaa, akaenda zake. Ile furaha ndiyo iliyokuja kumchoma miaka yote baadaye, kwa kuwa alikuja kumfungua mtu mdomo, akamziba, na aliona ni kazi nzuri.

Zile tano zenye neno zilifutika na amri. Ya sita ilikuwemo gunini.

Siku ya baraza la kuamua kama Tandavu iliwahi kuwepo, jua lilikuwa utosini, na hukumu ilijulikana: likizama bila ushahidi, Tandavu itakuwa haikuwepo tangu kuumbwa kwa dunia, na majina ya watu wake mia tatu yatafutwa moja kwa moja, ya walio hai na ya wanaosubiri kuzikwa. Walikaa sakafuni ukumbini, bila vivuli, wakitazamana kama abiria wasiojuana. Bi Siwema alikuwa mstari wa mbele. Kidawa alimwamkia, "Shikamoo, Bi Siwema." Akaitikia marahaba kwa upole, kisha akageuka nyuma kumtafuta huyo Siwema anayeamkiwa.

Mkuu wa Ramani aliketi juu, mtu mkubwa mwenye sauti laini, ambaye hakuna aliyejua kwao ni wapi. Aliyemuuliza kabila alijibiwa, "Mimi nilizaliwa kwenye karatasi," na ikabidi acheke. Chini yake alikaa karani mwembamba aitwaye Chiku, ambaye kazi yake ilikuwa kuandika kila kinachosemwa ukumbini, kwani sheria ya ukumbi ule, aliyoitunga Mkuu mwenyewe, ilisema kwamba kinachosemwa humo huandikwa, na kilichoandikwa humo hakifutwi. Aliitunga kwa ajili ya hotuba zake.

Kidawa alifungulia filamu zake. Ukutani pakawa peupe. Akabadilisha, pakawa peupe tena.

"Mama," akasema Mkuu, "unatuonyesha ukuta. Ni ukuta mzuri, niliujenga mimi. Lakini wahenga walisema, asiyekuwepo na lake halipo."

Hapo Simai akasimama na gunia lake. "Mheshimiwa, mimi ni mtani wa hawa. Mmoja wao akifa, mimi ndiye wa kuvaa kanzu ya marehemu nikaiga mwendo wake mpaka mjane acheke. Sasa ukisema hawakuwepo, nieleze basi, miaka sitini na nane nimekuwa nikimtania nani? Kuku wao niliokula wametoka wapi?"

Watu wawili watatu walicheka, wakajishangaa kwa nini wamecheka. Mkuu naye alitabasamu.

"Gunini mna nini?"

"Kimya, Mheshimiwa."

"Kimya cha nani?"

"Usikilize, utaniambia wewe."

Mkuu alifikiri. Katika maisha yake alikuwa ameogopa picha, akaogopa maneno, akaogopa hata nyimbo za watoto za kuruka kamba, lakini kimya kilikuwa rafiki yake wa siku zote. Ndicho alichokuwa akikipanda kila alipopita. "Fungulia," akasema. "Dakika moja tu. Jua linashuka." Naye Simai akatia kaseti, akainua mkono kama alivyouinua maelfu ya mara, na ukumbi mzima, hata wasiojua kwa nini, ukaacha kujitikisa.

Sijui nilielezeje lililofuata. Waliokuwepo waliniambia kila mmoja kivyake.

Kwanza haikuwa kitu. Kisha ile hali ya kuwa si kitu ikaanza kuwa na upana. Kushoto palikuwa na mlango, kwa sababu upepo ulikuwa ukiingilia kushoto. Tone likaanguka, na kila mtu akajua limeanguka ndani ya mtungi, na mtungi haujajaa. Mahali fulani kuku alikuwa akiparua. Nyuma ya hayo yote, mbali, chini kabisa ya sikio, mashine ya kusaga ilikuwa ikinguruma kama mtu anayeota ndoto nzuri. Kidawa alisimama. Miaka thelathini alikuwa amefukuzia nyuso na maneno, na chumba chenyewe kilikuwa kimekaa nyuma yake muda wote, kizima, hakijapungua tone, kikimsubiri amalize kelele zake. Waswahili husema kimya kingi kina mshindo mkuu, na yeye alikuwa amelichukulia hilo kuwa tishio. Leo lilimwingia kama baraka, akaogopa, akafurahi, akashindwa kutenganisha.

Na karibu, karibu kuliko vyote, kulikuwa na pumzi. Pumzi ya mtu mmoja, inapita katika kitambaa.

Watu wakaanza kuinua vichwa. Hawakujua wanachokumbuka, ila shingo zao zilijua. Zote ziligeukia kushoto, kule uliko mlango. Mwanamume mmoja alisogeza mguu kama anayekwepa mtungi. Bi Siwema vidole vilianza kufinyanga hewa. Sekunde ya thelathini. Ya thelathini na tano. Kidawa akakumbuka kilicho mbele, akamtazama Simai, na Simai alikuwa amefumba macho.

Sekunde ya arobaini na moja mkanda ukaruka. *Kwaaa.*

Katika kaseti, pumzi ya mtu ilikwama. Neno lilifika mlangoni mwa kinywa likakuta khanga, likasimama hapo, na lingekuwa limesimama hapo mpaka leo.

"Pole, Machuma," akasema Bi Siwema ukumbini.

Kisha watu wote wa Tandavu waliokuwemo, kwa sauti ya chini, bila kuangaliana, wote pamoja, wazee na waliozaliwa mwaka wa mwisho wa mji, wakasema, "Pole, Machuma." Haikuwa sauti kubwa. Lakini madirisha yalitikisika, na sakafuni, chini ya kila mmoja wao, kivuli kikajitandaza kama mkeka. Na katikati ya sauti hizo kulikuwa na moja laini, ya mtu mkubwa, iliyotoka juu, kwenye kiti. Mkuu wa Ramani alikuwa ameshapeleka kiganja mdomoni. Kilichelewa. Alikitazama kiganja chake kana kwamba ndicho kilichosema, na machoni mwake mlikuwa na mtoto wa miaka sita aliyetumwa mashineni na debe la mahindi, akachelewa kurudi.

Kalamu ya Chiku ilikuwa ikikwaruza.

"Unaandika nini?" Mkuu akauliza.

"Kilichosemwa, Mheshimiwa. Na nani kasema."

"Futa."

Chiku alikuwa mtu mwoga, lakini alikuwa ameisoma vizuri sheria ya kazi yake. "Humu hakifutwi, Mheshimiwa. Sheria ni yako."

Mkuu aliinuka, akafungua kinywa. Hapo Simai, bila kufumbua macho, akautikisa ule mkono alioinua, kwa hasira ile ile aliyowakemea nayo wapita njia na mbwa na majogoo kwa miaka thelathini. "Shii! Dakika yangu haijaisha."

Na Mkuu wa Ramani akanyamaza. Akaketi. Watu wote wakangoja, kwa sababu mashine ilikuwa imezima, na huko chini ya maji na chini ya miaka Machuma alikuwa magotini, mikono ina grisi, akiurudisha mkanda wake, na hakuna mtu wa Tandavu aliyewahi kuendelea na shughuli kabla hajamaliza.

Bi Siwema akamvuta Kidawa upande wa nguo, akamwinamisha, akamnong'oneza sikioni.

"Mwanangu Kidawa. Na leo nimekuharibia kazi?"

Mashine ikakohoa mara moja, ikakohoa tena, ikashika. Kidawa akapiga magoti pembeni ya yule mama, akachukua pindo la khanga ya Bi Siwema, akajiziba nalo mdomo wake mwenyewe, maana kilio kilikuwa kinakuja na sekunde zilikuwa hazijaisha.